Mama, Matazamio Yako ni Lini?



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni kuhesabu siku za mimba. Ukimwuliza mama mjamzito, "Matazamio yako ni lini?" mara nyingi atajibu, "Mwezi wa nne, au wa tano hivi." Mwingine atasema tu, "Mungu akipenda." Kwa mama anayekaa jirani na hospitali kubwa, ambaye akishikwa na uchungu usiku anafika kwa miguu, jibu la namna hiyo huenda lisimletee hasara.

Lakini tumfikirie mama wa Nakapanya, wilayani Tunduru. Kutoka hapo hadi Tunduru mjini, iliko hospitali ya wilaya, ni kilometa zipatazo 66. Hadi Songea, iliko hospitali ya mkoa, ni zaidi ya kilometa 300. Barabara kuu ya Masasi, Tunduru na Songea sasa ina lami, na tunashukuru, maana wengi tunakumbuka ilivyokuwa wakati wa masika. Hata hivyo mama hakai juu ya lami. Anakaa ndani, kwenye mashamba ya mikorosho na mabonde ya mpunga, na kutoka huko hadi barabarani ni njia ya baiskeli au pikipiki yenye vijito ambavyo mwezi wa pili na wa tatu hujaa maji.

Mama huyo akishauriwa kwenda kusubiri karibu na hospitali, kwa sababu mtoto aliyetangulia alizaliwa kwa upasuaji, au kwa sababu ana mapacha, inampasa aondoke nyumbani wiki mbili au tatu kabla. Kabla ya nini? Kabla ya tarehe ya matazamio. Sasa kama tarehe hiyo imekosewa kwa mwezi mzima, yatatokea mambo mawili. Ama atakwenda mapema mno, atakaa kwa ndugu wiki sita akila chakula cha watu, mwisho ataona aibu na kurudi nyumbani, na uchungu utamkuta hukohuko shambani. Ama atajiona bado ana mwezi mmoja, kumbe siku zimekwisha, naye yumo bondeni anafukuza ndege kwenye mpunga.

Hesabu ya kliniki

Mimba haihesabiwi tangu siku mama alipokutana na mumewe, maana siku hiyo ni wachache wanaoijua kwa hakika. Huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Tunarudia: siku ya kwanza, yaani siku ile damu ilipoanza kutoka, wala si siku ilipokatika. Kuanzia siku hiyo mpaka kuzaliwa kwa mtoto ni siku 280, sawa na wiki 40.

Njia ya kuipata tarehe bila kuhesabu siku moja moja ni rahisi. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza miezi 9, kisha ongeza siku 7. Mama aliyeona damu tarehe 10 Januari atatazamia kujifungua tarehe 17 Oktoba. Aliyeona damu siku ya Saba Saba, tarehe 7 Julai, atatazamia tarehe 14 Aprili ya mwaka unaofuata. Kwa kuwa miezi haina siku sawa, njia hii huweza kupishana na siku 280 kamili kwa siku mbili tatu, lakini hilo si neno.

Kanuni hii huitwa kwa jina la daktari Mjerumani, Franz Karl Naegele (1778–1851), aliyefundisha ukunga katika mji wa Heidelberg. Yeye mwenyewe aliitoa kwa daktari Mholanzi aliyemtangulia, Hermann Boerhaave. Basi kanuni hii ina umri mkubwa kuliko reli na kuliko simu, na bado ndiyo mkunga wa zahanati anayoitumia leo anapokujazia kadi ya kliniki. Zile herufi EDD unazoziona kwenye kadi yako ndizo tarehe hiyo. Kama hazina kitu mbele yake, uliza.

Kanuni inadhani kwamba mama hupata hedhi kila baada ya siku 28. Wako wanaopata kila baada ya siku 35. Hao yai lao hutoka likiwa limechelewa kwa wiki moja, kwa hiyo waongeze siku 7 nyingine juu ya hesabu. Wanaopata kila baada ya siku 21 wapunguze siku 7. Akina mama wanaofuata njia ya asili ya kupanga uzazi wana faida kubwa hapa, kwa kuwa chati wanayoandika kila siku inaonyesha hayo yote. Waende nayo kliniki, wasione haya kumwonyesha mkunga.

Hesabu ya mwezi wa angani

Wapo watakaosema, "Sisi hatuna kalenda, bibi zetu walihesabu kwa mwezi na tulizaliwa salama." Ni kweli walihesabu kwa mwezi, na hesabu yao haikuwa mbaya. Tuitazame kwa makini, maana hapa ndipo penye kosa ambalo huleta madhara.

Kutoka mwandamo mmoja hadi mwandamo mwingine ni siku 29 na nusu. Miandamo 9 ni siku 266. Hizo ndizo hasa siku ambazo mtoto hukaa tumboni tangu mimba inapotunga, yaani zile siku 280 ukiondoa wiki mbili za mwanzo ambapo mimba ilikuwa bado. Ndiyo maana watu wengi husema mtoto hukaa miezi tisa.

Ugumu ni kwamba mama hajui siku mimba ilipotunga. Wengi huanza kuhesabu pale walipokosa kuona damu, nao huhesabu miandamo tisa kutoka hapo. Ukipiga hesabu utaona kwamba tangu hedhi ya mwisho mpaka siku hiyo wanayoitazamia ni miandamo 10, nayo ni siku 295. Hizo ni wiki 42 na siku moja. Mama huyo akifika siku yake bila uchungu, anajiambia kwamba ndiyo kwanza zimetimia, kumbe amekwisha pitiliza kwa wiki mbili!

Mwenye kutumia mwezi wa angani basi afanye hivi. Akumbuke mwezi ulikuwaje usiku ule damu ilipoanza, kisha ahesabu miandamo 9 na nusu. Kama damu ilianza mwezi ukiwa mchanga, mtoto atazamiwe mwezi ukiwa mpevu, baada ya miezi tisa kupita. Kama ilianza wakati wa mbalamwezi, atazamiwe mwezi ukiandama. Hesabu hii hupishana na ya kliniki kwa siku moja tu au isipishane kabisa, nayo haihitaji karatasi. Hata ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi katika wilaya ya Tunduru na huufuata mwezi kwa ajili ya funga na sikukuu zao, wataiona ni nyepesi.

Njia nyingine ni ya Dominika. Wiki 40 ni Dominika 40. Funga fundo moja kwenye kamba kila Jumapili, au tia punje moja ya mahindi ndani ya kibuyu. Mkunga akikuuliza mimba ina wiki ngapi, unahesabu mafundo. Mwenye kalenda ya jimbo ukutani azungushie tarehe kwa kalamu, na baba wa nyumba aijue pia. Baba asiyeijua tarehe hataweka fedha ya nauli.

(Msomaji mmoja makini huenda akauliza juu ya sikukuu ya Kupashwa Habari Maria, 25 Machi, na Krismasi, 25 Desemba. Kati yake kuna siku 275, yaani zaidi ya siku 266 kwa siku 9. Kwa mkunga tofauti hiyo ni ya kawaida kabisa.)

Kama hukumbuki tarehe

Wengi hawakumbuki, na si ajabu. Mkunga mwenye subira hatamkaripia mama, bali atamsaidia kukumbuka kwa matukio. Ilikuwa kabla ya Krismasi au baadaye? Mnada wa korosho ulikuwa umefunguliwa? Mlikuwa mnapanda au mnapalilia? Wakati wa Nane Nane ulikuwa bado unaona damu? Kwa maswali kama hayo mara nyingi tarehe hupatikana kwa kukosea siku chache tu.

Wako pia wanaokumbuka tarehe lakini tarehe yenyewe huwadanganya. Mama anayenyonyesha anaweza kubeba mimba kabla hedhi haijarudi, na huyo hana hedhi ya mwisho ya kuhesabia. Aliyetoka kuacha sindano ya uzazi wa mpango, hedhi yake huenda ikavurugika kwa miezi mingi. Mwingine huona matone ya damu mwanzoni mwa mimba akadhani ni hedhi, hivyo hujihesabia pungufu kwa mwezi mzima. Ukiona kwamba hedhi ya mwisho ilikuwa kidogo mno kuliko kawaida yako, mwambie mkunga.

Kwa akina mama hao tunatazama dalili za mwili. Mama mwenye mimba ya kwanza husikia mtoto akicheza kuanzia wiki ya 18 hadi 20. Aliyekwisha zaa humsikia mapema zaidi, wiki ya 16 hadi 18, kwa kuwa anaijua hali hiyo. Andika siku uliyomsikia mara ya kwanza. Haitoshi peke yake, ila ikiungana na mengine husaidia.

Kisha kuna kimo cha mimba. Kwenye wiki ya 12 mkunga huanza kuupapasa mfuko wa uzazi juu kidogo ya mfupa wa kinena. Kwenye wiki ya 20 hivi unafika kitovuni. Kwenye wiki ya 36 unafika karibu na chembe cha moyo, na mama hupumua kwa shida na kushiba upesi. Baada ya hapo mtoto hushuka, hasa kwa mimba ya kwanza, na tumbo huonekana limerudi chini. Mkunga akiwa na utepe, hata ule wa fundi cherehani, hupima kutoka mfupa wa kinena hadi juu ya mfuko. Kuanzia wiki ya 24 idadi ya sentimeta hulingana na idadi ya wiki, zikipungua au kuzidi mbili. Mimba ya wiki 30 itakuwa na sentimeta 28 hadi 32.

Lakini tumbo nalo ni shahidi asiyeaminika sana. Mapacha hulikuza. Maji mengi hulikuza, na uvimbe pia. Mtoto asiyekua vizuri, kwa sababu ya malaria au lishe duni ya mama, hulifanya liwe dogo. Mama akija kwa mara ya kwanza na mimba ya miezi saba, naye hakumbuki tarehe, mkunga akikuta tumbo dogo hawezi kujua kama mimba ni changa au kama mtoto amedumaa. Angekuja mwezi wa tatu angejua.

Hapo tunagusa desturi. Katika sehemu nyingi za kusini mimba changa haitangazwi. Mama hungoja mpaka tumbo lionekane, kwa kuogopa maneno ya watu na macho ya wabaya. Tunaielewa hofu hiyo, lakini kwenda kliniki si kutangaza. Muuguzi amefungwa na siri ya kazi yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba ni kama mjamzito 1 tu kati ya 4 aliyefika kliniki katika miezi 3 ya kwanza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilishauri hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki ya 12, na mahudhurio yote yawe 8.

Ultrasaundi

Mwongozo huohuo ulishauri kila mjamzito apate kipimo kimoja cha ultrasaundi kabla ya wiki ya 24. Mashine hii hutumia mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii, si mionzi kama ya eksirei, na haimchomi mtoto. Katika miezi mitatu ya kwanza hupima urefu wa mtoto kutoka kichwani hadi matakoni, na kwa kuwa wakati huo watoto wote hukua kwa kasi ileile, umri unaopatikana hupotea kwa siku 5 hadi 7 tu. Ikipimwa katika miezi mitatu ya mwisho huweza kupotea kwa wiki tatu, maana sasa kila mtoto ana mwili wake, mmoja mnene na mwingine mwembamba. Kwa hiyo kama una nauli ya kwenda kupima mara moja tu, nenda mapema. Wengi hufanya kinyume, huenda mwishoni ili wajue ni wa kike au wa kiume, wakarudi na tarehe mpya inayopingana na ya mwanzo. Katika hali hiyo kipimo cha mapema ndicho kinachofuatwa.

Kwa nini wiki moja au mbili ziwe na uzito?

Kwanza, dawa. Vidonge vya SP vya kuzuia malaria huanza kutolewa kuanzia wiki ya 13, si kabla, kisha hurudiwa kwa kupisha angalau mwezi mmoja, kama mhudumu atakavyoelekeza.

Pili, watoto njiti. Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 amezaliwa kabla ya wakati, na adui yake wa kwanza ni mapafu yasiyokomaa. Ipo sindano ya deksamethasoni ambayo mama huchomwa ili kuyakomaza mapafu ya mtoto aliye tumboni. Habari ya sindano hii inafundisha sana. Mwaka 2015 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Argentina, Guatemala, India, Kenya, Pakistan na Zambia. Wahudumu walifundishwa kuwatambua akina mama wanaoelekea kuzaa kabla ya wakati na kuwachoma dawa ya namna hiyo. Umri wa mimba haukujulikana vizuri, na wengi waliochomwa hawakuwa na njiti. Vifo vya watoto wadogo havikupungua, na kwa watoto wote kwa jumla viliongezeka. Mwaka 2020 utafiti mwingine, katika hospitali za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, ulitumia ultrasaundi kuhakikisha umri kwanza. Safari hii dawa iliokoa. Kati ya watoto 100 waliozaliwa wakiwa njiti, walikufa kama 20 pale mama alipochomwa dawa, na karibu 24 pale ambapo hakuchomwa. Dawa ni ya jamii moja, sindano ni ileile. Kati ya mambo yaliyotofautiana, kubwa lilikuwa kujua mimba ina wiki ngapi.

Tatu, upasuaji wa kupangwa. Mama mwenye kovu hupangiwa tarehe kwenye wiki ya 39 hivi. Tarehe ikikosewa, mtoto hutolewa akiwa wa wiki 35 na hushindwa kupumua, ingawa hakuwa na tatizo lolote tumboni.

Siku ikifika, na ikipita

Tusiifanye tarehe kuwa sheria. Kati ya watoto 100 ni kama 4 au 5 tu wanaozaliwa siku ileile iliyoandikwa. Wengine wote huja kabla au baada, na anayezaliwa kati ya wiki ya 37 na kabla ya wiki 42 kutimia hajawahi wala hajachelewa. Kwa hiyo kila kitu kiwe tayari wiki ya 36: nguo za mtoto, nauli, na mtu wa kubaki na watoto nyumbani. Mama anayetakiwa kusubiri karibu na hospitali aondoke wiki ya 37 au 38. Mwenye mapacha aulize mapema zaidi, maana mapacha hawangoji. Dharura ikitokea, upo usafiri wa dharura wa m-mama, ulioanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022, na namba yake ni 115, bila malipo.

Tarehe ikipita bila uchungu, usikae nyumbani ukingoja kwa maneno kwamba mtoto wa kiume huchelewa. Zikipita siku 7, yaani wiki 41 zimetimia, nenda hospitali hata kama hujisikii vibaya. Kondo la nyuma limeanza kuchoka, maji yanayomzunguka mtoto hupungua, na mtoto huweza kunya tumboni na kuyavuta yale maji machafu. Hospitalini watakupima, na wakiwa na hakika ya tarehe wataweza kukuanzishia uchungu. Hapo ndipo ile kadi yenye tarehe iliyojazwa mapema huonekana faida yake, kwa kuwa daktari asiyeiamini tarehe huogopa kuanzisha uchungu asije akamzalisha njiti.

Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu zisitumike kabisa. Nguvu yake haipimiki, na mfuko wa uzazi, hasa wenye kovu, huweza kupasuka njiani kabla pikipiki haijafika barabarani.

Na wakati wowote, iwe wiki ya 30 au ya 41, mtoto akipunguza kucheza, au chupa ikipasuka, au ukiona damu, au kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, usiangalie kalenda. Nenda siku hiyohiyo, na kadi mkononi.